Maziwa ya Siku ya Gundi

Mliponiaga kwa chai na keki, mmoja wenu alisimama akaniomba niandike namna ya kuchagua suti ya kupiga mbizi kwa mtu anayekwenda likizo kwenye maji ya joto, ili wateja wakiuliza msibabaike. Mkapiga makofi. Mkanipa na zawadi ya safari ya Pwani, mimi na mama watoto, kisha mkacheka niliposema sijawahi kuzama baharini hata siku moja. Mlidhani ni mzaha wa mzee. Nimevalisha watu maisha yangu yote ya kazi, nikawatakia safari njema, nikarudi zangu Kawangware 46 kuoga kwa karai. Basi nimekaa, nimeandika. Kama mlitaka maneno matamu ya kustaafu, mlimwomba mtu asiyefaa.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo sitayagusa. Yatawachosha nyinyi na yataniudhi mimi.

Niliingia karakana hii mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa fundi viatu kando ya barabara, nimetoka Kakamega na begi moja na tamaa nyingi. Siku moja mwenye karakana alileta kiatu chake kilichoachana na soli. Alisimama akanitazama ninavyopaka gundi, ninavyosubiri, ninavyobana. Nilipomaliza alikichukua kiatu akakipindapinda. Halafu akaniuliza kama ningependa kazi ya ndani. Nilisema ndiyo kabla hajaeleza ni kazi gani. Mtu aliyewahi kunyeshewa akiwa ameshika kiatu cha mteja anaelewa lile neno "ndani" lilivyokuwa tamu. Tulimwita mdosi, naye aliitika.

Karakana wakati huo ilikuwa hapa hapa Kawangware, jengo refu la mawe nyuma ya duka la mbao. Mbele kulikuwa na kioo kikubwa na kiti cha wateja, katikati meza za kukatia, na mwisho kabisa chumba cha gundi chenye dirisha moja. Wateja wetu walikuwa watu wa mashirika, wazungu wa balozi, na Wakenya wenye hela za kwenda likizo mahali pa maji. Walikuja na magari yao, wakafunga milango, wakaingia, kisha wakatoka tena kuhakikisha wameifunga. Tulishazoea.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mama Apiyo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa pande za ziwani, mfupi, mwenye mabega mapana na kicheko kilichosikika mpaka duka la mbao. Aliishi Soweto West, Kibera, na kila asubuhi alikuja kwa miguu, akikata Jamhuri na kuvuka Barabara ya Ngong, na bado alifika kabla yangu mimi niliyekuwa nalala hapo jirani. Aliangalia mikono yangu kabla ya kuangalia uso.

"Wewe ndio ule Mluhya wa viatu?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa sikiza. Kiatu ikiingia maji, mwenyewe anakasirika. Hii yetu lazima iingize maji, lakini ikishaingia isitoke. Umeelewa?"

Sikuelewa. Akachukua suti kwenye msumari akanirushia. "Vaa, basi. Mwili itakuelezea."

Nilipigana na ile suti mpaka jasho likanitoka. Haikupita kisigino. Mama Apiyo alinicheka vya kutosha, kisha akanipa karatasi ya nailoni ya dukani, akaniambia nivalie mguuni kwanza. Mguu ukateleza ndani bila taabu. Nikavua ile karatasi kupitia chini, nikarudia upande wa pili, halafu mikono. Ujanja huo ni wake, na nimeufundisha kwa kila mmoja wenu. Karatasi zenyewe zimepigwa marufuku siku hizi, kwa hiyo tumieni soksi nyembamba. Nilipofungwa zipu ya mgongoni, alinimwagia jagi la maji ya bomba shingoni, ndani ya kola. Ilikuwa Julai. Nilipiga kelele kama mtoto. Akasema ningoje. Nikangoja, na polepole yale maji yakaacha kuwa baridi. Yalikuwa yamekaa kati ya ngozi yangu na mpira, na mwili wangu ulikuwa umeyapasha moto.

Hiyo ndiyo kazi yote ya suti. Inaruhusu maji kidogo, inayazuia yasitoke, nawe unayapasha. Ikiwa pana, maji mapya yanaingia kila unapojinyoosha na joto lako linakwenda nayo. Kwa hiyo mteja akiwaambia suti inambana, mwulizeni kama anaweza kupumua na kuinua mikono. Kama anaweza, iacheni imbane. Suti inayokuwa starehe mbele ya kioo haina faida chini ya maji.

Wateja wengi huuliza swali moja: kwa nini nivae mpira na bahari yenyewe ni vuguvugu? Jibu ni kwamba uvuguvugu wa bahari bado ni baridi kuliko mwili wako. Siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ya tatu, ukiwa umezama asubuhi na mchana, utaanza kutetemeka na hutajua kwa nini, maana juu kuna jua kali. Tena bahari yetu si moja mwaka mzima. Anayekwenda Februari na anayekwenda Agosti hawavai sawa. Kwa watu wengi mpira wa milimita tatu, mikono mirefu na miguu mirefu, unatosha. Mwenye mwili wa kutunza joto anaweza kuvaa ile ya mikono mifupi na miguu mifupi, mradi akumbuke kwamba matumbawe hayachagui goti la nani. Na asiyesikia baridi kabisa, avae hata ile nyembamba ya kunyooka kama soksi, kwa sababu ya jua na yale madudu ya kuwasha ambayo watu wa Pwani huyaita yavuyavu. Kwenda na chupi ya kuogelea peke yake ni ushamba, hata kama mtu ana pasipoti tatu.

Lakini milimita hazikuwa swali la kwanza la Mama Apiyo. Wateja walipoketi, alikuwa anauliza, "Unalala na blanketi ngapi?" Wengine walidhani ni tusi. Alisubiri jibu, na hakuchukua kipimo mpaka alipate.

Nakumbuka mtu na mkewe waliokuja wakitaka suti za mikono mifupi, zote mbili sawa. Mume ndiye aliyezungumza. Alisema ameshasoma kuhusu maji ya Pwani na suti hiyo inatosha. Mama Apiyo akageukia mke akamwuliza habari za blanketi. Mke akasema tatu, na soksi. Akamwuliza mume. Mume akasema yeye hulala na shuka tu.

"Basi nyinyi hamuendi bahari moja," Mama Apiyo akasema, akamkatia mke milimita tano.

Mume hakupenda. Mke alirudi baada ya likizo akiwa amechanika goti la suti, anacheka, anataka kiraka ili arudi tena. Kesi nyingine ilikuwa ya bwana mmoja mnene aliyetaka mpira mnene kuliko wote, kwa sababu aliamini kilicho ghali ndicho bora. Tulimweleza kwamba atapikika kwenye boti kabla hajafika majini, na kwamba mpira mnene huelea, kwa hiyo atalazimika kufunga vyuma vingi kiunoni ndipo azame. Akasema tunamfundisha kazi. Tulimshonea. Alirudi akilalamika kwamba bahari ya Kenya ni mbaya.

Jambo moja la ukarabati, kisha niende kwenye mengine. Kila mteja huapa kwamba hajawahi kukojoa ndani ya suti yake. Osheni zote.

Sasa nizungumzie gundi, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Mnajua utaratibu. Unapaka kingo za vipande viwili, unaacha zikauke, unapaka tena, unaacha tena. Unagusa kwa mgongo wa kidole. Ikinata, ngoja. Ikiacha kunata, unganisha hapo hapo, na ukiunganisha hakuna kurudia. Vumbi likigusa gundi mbichi, kiungo kinashika vumbi badala ya mpira, na siku moja chini ya maji kinaachia. Hilo ni kweli, na upepo nao huikausha kabla ya wakati. Ndiyo maana siku ya gundi dirisha lilifungwa, na matambara yakasokomezwa kwenye nyufa na chini ya mlango. Ndani tulibaki watu wanne au watano na makopo yaliyo wazi.

Mwanzo harufu ni tamu. Halafu kichwa kinakuwa chepesi na mnaanza kuchekeana bila sababu. Jioni kichwa kinagonga na chakula hakipandi. Na kwa hilo tulikuwa na kinga. Kila siku ya gundi mdosi alituletea maziwa, paketi ya pembe tatu kwa kila mtu, baridi kutoka dukani. Wachomeleaji wa vyuma walikunywa maziwa. Wapaka rangi ya magari walikunywa maziwa. Ilijulikana Nairobi nzima kwamba maziwa yanakamata sumu na kuishusha. Hakuna aliyeuliza ni lini mtu alianza kupumua kwa tumbo. Fikirieni chumba hicho: tumezungukwa na mpira wa kukinga ngozi za watu dhidi ya maji vuguvugu, tunabishana juu ya milimita mbili zaidi au pungufu, na sisi wenyewe tumekingwa na paketi ya maziwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa zipu, na meza ya zipu ilikuwa nje ya chumba, karibu na mlango wa mbele. Nilikuwa naingia kwa gundi mara moja moja. Ndiyo maana nimestaafu nikiwa na pumzi. Sina siri nyingine ya afya, msije mkaniuliza nakula nini.

Mama Apiyo aliketi chini ya dirisha lililofungwa, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Na maziwa yake hakuyanywa. Aliyatia kwenye kikapu.

"Kunywa, mathe," tulimwambia.

"Nitakunywa kwa nyumba."

Kwa nyumba kulikuwa na Apiyo na wadogo zake wawili. Sote tulijua maziwa yale yanakwenda kuwa chai.

Kila mwaka mdosi alituambia jambo moja. "Mwaka huu nawapeleka Pwani wote. Mtaingia majini mwone kazi yenu." Alikuwa anasema kweli, nadhani, siku anayoisema. Hakuwa mtu wa kelele. Alijua majina ya watoto wetu. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga mbizi, na alipozungumzia samaki wa chini macho yake yalibadilika. Sisi wengine tuliitikia tukaendelea na kazi. Mama Apiyo alilichukua neno hilo moyoni.

"Mimi nilijua kuogelea kabla nijue kufunga vifungo," aliniambia. "Lakini ziwa yetu iko na matope. Ukiingia huoni hata mkono yako. Mimi nataka niingie maji yenye naona. Mara moja tu, niangalie chini, nitosheke."

Akaanza kujishonea suti. Alitumia mabaki, vipande ambavyo vingetupwa. Kifua kilikuwa cheusi, mgongo wa buluu, na mkono mmoja wa pinki uliotoka kwenye suti ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Alishona saa za chakula, na gundi yake aliipaka mwisho, kazi za wateja zikisha. Siku ya kujipima aliniita.

"Niulize, basi."

"Unalala na blanketi ngapi, mama?"

"Moja. Na watoto watatu. Weka milimita tatu."

Suti ilikwisha, safari haikuja. Mwaka mmoja gari liliharibika. Mwaka mwingine ulikuwa wa uchaguzi. Mwingine wateja walikuwa wachache. Ile suti yake ilining'inia kwenye msumari nyuma ya meza yangu ya zipu, na wageni waliokuja waliiulizia, wakidhani ni mtindo mpya.

Kikohozi kilianza kidogo. Alisema ni moshi wa jiko. Baadaye alisema ni vumbi la njia. Halafu akaanza kuchelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa, na siku moja nilimkuta ameketi kwenye jiwe pale Jamhuri ameshika magoti, hawezi kusema. Nilibeba kikapu chake tukatembea kama watu wanaofuata jeneza. Tulipofika alikunywa maji, akaenda moja kwa moja kwa mdosi. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

"Mdosi, tufungue dirisha kidogo tu. Kifua imekataa."

"Mama Apiyo, wewe ndiye ulinifundisha habari ya vumbi. Kiungo kikiachia huko chini, nani atazama?"

"Basi tununulie zile mask ziko na chujio."

Akafikiri. Nakumbuka alifikiri kweli, amekunja uso. "Nitaongeza maziwa," akasema.

Na akaongeza. Kuanzia wiki hiyo kila mtu alipata paketi mbili. Wenzetu walishukuru. Mmoja alimwambia Mama Apiyo ahsante kwa kutupigania.

Halafu ikaja mvua ya El Niño. Wageni walighairi safari zao, hoteli moja ya Pwani ikabaki na vyumba vitupu, na mdosi akavipata kwa bei ya chini. Alituita, akatangaza kwamba tunakwenda, wiki nzima, na kila mtu atazama. Mama Apiyo alipiga kigelegele, kikakatikia kifuani. Akaitoa suti yake msumarini, akaipangusa, akaipulizia poda ya watoto ili isigandamane.

Sharti lilikuwa moja tu, na ni sharti zuri hata leo: asiyesikilizwa kifua na daktari haendi chini ya maji. Tulikwenda zahanati hapa hapa Kawangware. Sisi wengine tulitoka haraka. Yeye alikaa ndani. Daktari alimsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, akamwuliza anafanya kazi gani, akaita daktari mwenzake naye asikilize. Alipotoka alikuwa anafunga vifungo vya blauzi polepole.

"Anasema nikishuka na hii kifua sitapanda," akatuambia. "Na anasema hata gundi niwachane nayo."

Alimwomba mdosi aende tu, asimame ukingoni, maji ya magoti. Mdosi akasema hawezi kumbeba mgonjwa njia yote hiyo kwenye mvua, akifia kule atawaambia nini watu wake? Labda hapo alikuwa na hoja. Lakini mtu mmoja, sitamtaja kwa kuwa naye hayupo tena, akaona ndiyo nafasi ya kusema kwamba Mama Apiyo hajawahi kunywa maziwa yake hata siku moja. Mdosi aligeuka. Ndiyo siku pekee niliyomwona akipandisha sauti.

"Kwani maziwa nilikuwa nakupa ya nini? Nimekukinga miaka yote hii, na wewe unapeleka nyumbani? Si umejiua mwenyewe!"

Na watu wakatikisa vichwa kukubali. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Watu waliokaa naye chumba kimoja, wanaokohoa kama yeye, walikubali kwamba kosa ni la chai ya watoto. Dirisha lilikuwa hapo nyuma yao, na matambara yake.

Mama Apiyo alimtazama mdosi bila hasira. "Apiyo ndio alikunywa," akasema. "Kifua yake iko sawa."

Aliagwa siku hiyo hiyo. Mdosi alimpa mkono, akampa na katoni nzima ya maziwa, na naapa alidhani amefanya jambo la ukarimu.

Wenzangu walikwenda Pwani. Mimi nilimwambia mdosi nina mgonjwa. Sikumdanganya.

Siku ya pili ya safari yao nilikwenda Soweto West. Mvua ilikuwa imekula njia, watu wanatembea juu ya reli kwa sababu kwingine kote ni tope. Apiyo, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, alinifungulia. Ndani bati lilivuja kila mahali. Sufuria, beseni, hata vikombe vilikuwa vimewekwa chini kukinga matone. Mama Apiyo alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, amejifunika leso. Chini ya leso alikuwa amevaa suti yake, zipu mpaka shingoni.

Nilisogeza beseni nikaketi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Umechelewa, omera, ndugu yangu. Mimi nimeshaingia maji."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Apiyo akamshika mgongo mpaka kikapita. Tone lilidondoka kwenye mkono wa pinki, likateremka mpaka kwenye kifundo, likaingia chini ya ukingo wa suti. Akaninyooshea mkono.

"Ingiza kidole hapa kwa mkono ya suti. Unasikia?"

Niliingiza. Kulikuwa na unyevu, na ulikuwa na joto.

"Inashika," akasema. "Inashika joto kabisa. Tulikuwa tunafanya kazi mzuri, wewe Mluhya."

"Sana, mama."

"Wenzako wamefika?"

"Wamefika."

"Na maji iko aje?"

Hapakuwa na simu ya kuniletea habari yoyote. "Wanasema unaona mpaka chini," nikamwambia.

Akafumba macho, akatabasamu. Nilikaa mpaka mvua ilipopungua, nikamwaga beseni, nikarudi Kawangware nikilia barabarani. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyeniuliza.

Alikufa kabla mvua haijaisha. Mdosi alichanga vizuri kwa safari ya kumrudisha nyumbani ziwani, na kwenye maombi ya Kibera alisimama akasema Mama Apiyo alikuwa kama mama yake. Mama mzazi wa mdosi aliketi mstari wa mbele, mzima, anapumua vizuri.

Mtaniuliza kwa nini nilibaki. Nilibaki kwa sababu watoto wangu walikuwa wanakula. Nilipopewa kusimamia chumba cha gundi, nikiwa bado kwenye meza yangu ya zipu, nilikwenda kwa mdosi kuomba dirisha na chujio, nikapata jibu nililolijua. Nikalifungua mwenyewe. Suti tatu zilirudishwa zikiwa zimeachia, na mdosi akaja na misumari akalipigilia. Baadaye akaja mwanawe, ambaye ndiye mnamwita mdosi sasa. Naye nilimwomba. Naye anajua majina ya watoto wetu.

Siku nilipokuja kuchukua vitu vyangu ilikuwa siku ya gundi. Matambara yalikuwa mapya. Maziwa siku hizi ni ya chupa, yamepangwa ndani ya friji. Mmoja wenu, kijana mzuri ninayempenda, alifungua yake, akanywa, akafuta mdomo, akaniambia, "Mzee, kinga kwanza!" Mkacheka wote. Mwenzake pembeni alikuwa anakohoa. Akasema ni vumbi.

Suti ya Mama Apiyo ninayo. Apiyo alinipa baada ya mazishi, imekaa juu ya kabati miaka yote hii. Juzi niliishusha kwa sababu ya safari yenu ya zawadi, nikifikiri labda nikaitie baharini hata kwa dakika moja. Mpira umekufa. Unapukutika mkononi kama mkate mkavu, buluu haijulikani, pinki imekuwa rangi ya tope. Nilishika kiungo cha bega nikavuta kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote. Mpira ulipasuka kando. Kiungo hakikuachia.

Mliniuliza namna ya kuchagua. Ulizeni blanketi kabla ya kupima. Milimita tatu kwa walio wengi, tano kwa wa blanketi tatu, na ibane. Pwani nitakwenda na mama watoto, nitavaa shati langu la mikono mirefu, na nitasimama maji ya magoti, kwa niaba ya mtu.

Alhamisi ni siku ya gundi tena. Toeni yale matambara mchome. Maziwa pelekeni nyumbani, watoto wanywe. Vumbi litaingia, na suti kadhaa zitaharibika. Ziharibike. Misumari ya dirisha imeshika kutu lakini itatoka. Nyundo ya kuing'olea nimewaachia kwenye droo ya zipu.